Gari inamisi (silinda inakosa kuwaka): kabla hujanunua koili ya pili, tafuta kwanza kilichoua ile ya kwanza

MLETA UZI

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi ni mrefu, nimeuandika vipande vipande, naomba mnivumilie kwasababu hela niliyopoteza bado inaniuma na sitaki mwingine aipoteze kwa njia ileile.

Gari ni Toyota IST ile ya kwanza, injini 1NZ-FE ya cc 1500, ina koili nne (zinazotengeneza umeme wa cheche) na kila koili imekaa juu ya plagi yake. Naishi Mbezi Beach hapa Dar, kazi Posta, kwahiyo inakula foleni asubuhi na jioni. Ilianza hivi, nimesimama kwenye mataa ya Mwenge, gia iko D, AC inapuliza, nasikia usukani unatetemeka. Nikiweka N inapungua, nikikanyaga mafuta inatulia. Nikajua labda injini maunti (mipira inayoshikilia injini) zimechoka nikapuuzia. Wiki ya pili ikaanza hata kwenye mwendo, ukikanyaga kupanda kilima inavuta inakata inavuta inakata, yaani kama kuna mtu amekushika shati kwa nyuma. Ekzosi inatoa pu, pu, pu, na harufu ya petroli mbichi. Mafuta yaliyokuwa yananifikisha wiki sasa yanaisha siku nne.

Nikapeleka kwa fundi. Akachomeka mashine, haikuleta kosa lolote, na taa ya injini kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka hata siku moja. Akasikiliza kidogo akasema pampu ya mafuta imechoka. Nikanunua pampu, hali ileile. Akasema basi ni plagi. Nikanunua plagi nne, zikatulia siku mbili ugonjwa ukarudi. Akasema sasa tubadilishe koili zote nne. Hapo nikamwambia kaka ngoja kwanza, nikaondoka na gari yangu hivyohivyo inatetemeka.

Usiku nikakaa nikawaza. Pampu ni moja na inalisha silinda zote nne. Ikichoka, zote nne zinakosa mafuta kwa pamoja, gari inakuwa nzito hasa ukihitaji nguvu. Yangu haikuwa hivyo, yangu ilikuwa na mdundo, kama mtu anayechechemea, kila baada ya hatua kadhaa anadondokea mguu uleule. Hiyo ni silinda moja imelala na tatu zinaibeba. Sasa pampu inawezaje kuikosea silinda moja tu? Swali hilo ningejiuliza kabla ya kutoa hela, pampu isingenunuliwa.

Silinda ili iwake inataka hewa na petroli kwa kipimo, inataka mgandamizo, yaani kompresheni, na inataka cheche kwa wakati wake. Basi. Ukishajua silinda ipi imelala kazi iliyobaki ni kujua kati ya hivyo vitatu kipi hakifiki.

Kuipata iliyolala nilifanya hivi, injini imepata moto iko sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), nikachomoa soketi ya umeme ya koili moja nikasikiliza. Injini ikazidi kutetemeka, maana yake hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi, nikarudisha. Nikaenda inayofuata. Nilipofika namba 2 nikachomoa na HAKUNA kilichobadilika. Ndio hiyo. (Hesabu inaanzia upande wa mikanda, iliyo karibu na mikanda ndio namba 1.)

Nikazima gari. Koili imeshikwa na bolti moja ya 10. Nikatoa koili ya 2 nikaipeleka 4, ya 4 nikaileta 2, sikununua chochote. Nikawasha nikarudia kuchomoa moja moja, sasa iliyolala ikawa 4 na namba 2 imeamka. Ugonjwa umehama pamoja na koili. Wakuu sijui niwaelezeje ile furaha, miezi miwili natupa hela halafu jibu linakuja kwa spana ya 10 na dakika kumi.

Kesho yake nikaenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nikachukua koili moja tu, used, nimesoma kwanza namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani ili zifanane. Nikafunga, gari ikawa tamu.

Ikakaa wiki tatu ikarudi kulala. Namba 2 tena, na koili niliyotoka kununua!

Hapa sasa ndio kilichonifanya nifungue uzi. Nilipoitoa ile koili nikaangalia mpira wake mrefu wa chini, ule unaovaa plagi. Umelowa oili, umevimba, umelainika. Nikamulika tochi kwenye kisima cha plagi (tundu refu plagi inamokaa), chini kuna oili imeizunguka plagi. Nikaitoa plagi, kwenye ile kauri nyeupe kuna mstari mweusi mwembamba kama umechorwa kwa penseli, umeshuka kutoka juu mpaka kwenye chuma. Umeme ulikuwa unatelezea nje ya plagi kwenda kwenye bodi badala ya kuruka kwenye ncha ndani ya silinda. Mpira wa koili ukishaharibika umeme unatafuta njia fupi, na koili inayolazimishwa hivyo kila sekunde haiishi muda mrefu.

Na mara ya kwanza nilishaiona ile oili. Nilifuta na kitambaa nikaendelea kwasababu akili yote ilikuwa kwenye koili.

Oili ilitoka wapi? Kava ya juu ya injini, tapeti kava, ina gasketi ya kuzunguka na ina ring za mpira zinazoziba kila kisima cha plagi. Zile IST za kwanza zilitengenezwa kuanzia 2002, mpira umepikwa na joto miaka yote hiyo, wangu ulikuwa mgumu kama plastiki, nilipouminya ukakatika. Kwahiyo oili ya juu inashuka kisimani taratibu, haionekani nje, haidondoki chini, stiki ya oili inaonyesha iko sawa.

Nilichofanya: nikanyonya oili yote kisimani kabla ya kufungua plagi (ukifungua kwanza inamwagikia ndani ya silinda), nikafungua kava, nikaweka gasketi mpya pamoja na ring za visima, nikaweka silikoni kidogo kwenye zile kona mbili ambapo kava ya cheni inakutana na silinda hedi, pale pakiachwa bila silikoni panavuja. Plagi mpya nne kutoka duka jingine. Koili nyingine ya namba 2, na ndani ya mipira yote nikapaka grisi ya silikoni kidogo. Gasketi na ring vilikuwa bei ndogo kuliko koili moja!

Nawasilisha, wenye uzoefu ongezeni nyama.

FUNDI WA MWANZA

Mleta uzi umefanya kazi nzuri sana ila kuna sehemu nakurekebisha kwa nia njema. Kuchomoa soketi ya koili injini ikiunguruma ni njia ya wengi lakini petroli inaweza kuendelea kumwagwa kwenye ile silinda bila kuwaka, inaenda mbichi kwenye ekzosi inakutana na masega (kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi) yenye moto. Kama unaweza kufikia soketi za nozeli (zile zinazopuliza petroli) chomoa hizo, unakata petroli ya silinda moja na injini inakujibu vilevile. Ukishindwa basi koili, ila iwe sekunde chache urudishe. Na kuna vijana wanainyanyua koili yenyewe kutoka kwenye plagi gari ikiwaka ili waone cheche. USIFANYE. Voltage pale ni maelfu kwa maelfu, ikikosa plagi inapita kwako au inarudi kuua ignaita iliyomo ndani ya koili. Halafu ukimaliza futa makosa kwenye kompyuta maana umeyatengeneza wewe mwenyewe.

Lingine, ukihamisha koili na ugonjwa USIPOHAMA usikate tamaa, hamisha plagi. Usipohama tena, nenda nozeli. Chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye nozeli na mpini sikioni, nzima inagonga tik tik tik sawasawa, iliyokufa iko kimya. Pima na mita, nozeli za namna hii husoma kati ya ohm 12 na 16, ukiona mita haisomi kabisa waya wa ndani umekatika. Na soketi yenyewe ikague, panya wa maeneo yetu wanakula waya kuliko mahindi.

Nozeli nayo ikiwa salama, hapo usinunue kitu tena, pima kompresheni. Toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na nozeli, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata mpaka sindano isimame. 1NZ yenye afya inakwenda karibu na psi 200, ukiona silinda imeshuka chini ya 150 au imepishana sana na wenzake, ugonjwa uko ndani. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye hiyo silinda upime tena. Ikipanda, ring za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini zote mbili, mimi naanza na gasketi.

MLETA UZI

Fundi asante sana, hiyo ya nozeli na masega sikuijua, nimeipokea. Wanaosoma fuateni ya fundi sio yangu.

DADA WA DODOMA

Samahanini, yangu ni Toyota Raum, inamisi asubuhi tu dakika kama tatu halafu inakaa sawa siku nzima. Nimeshabadilisha plagi. Ila pia naongeza maji kwenye rejeta kila baada ya siku chache na sioni yanapovujia, sijui kama vinahusiana.

FUNDI WA MWANZA

Dada yangu vinahusiana sana, na nakuomba usiendelee kuitembeza safari ndefu. Gari ikilala usiku mfumo wa maji bado una presha, kama gasketi ya silinda hedi imeanza kupitisha, maji yanachuruzika ndani ya silinda moja. Asubuhi unawasha, plagi imelowa maji, haiwaki mpaka yakauke, ndio hizo dakika tatu. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha mwambie fundi atoe plagi zote uzione kwa macho yako. Moja ikiwa na unyevu, au imeoshwa ikang'aa wakati wenzake wana rangi ya kahawia, umeipata. Kaangalie pia moshi wa asubuhi, mweupe mzito wenye harufu tamutamu kama umeweka kulanti. Sasa hivi ni gasketi na kupeleka hedi kusawazishwa, ukisubiri ichemke hedi inapinda na maji yakijaa silinda unaweza kupindisha koni rodi (mkono unaoshika pistoni).

MDAU WA NAIROBI

Mabosi, salamu kutoka Nairobi. Yangu ni Mazda Demio, na hii ilikuwa na taa. Nilikuwa Thika Road natoka kazi, taa ya injini ikaanza kublinki, si kuwaka tu, kublinki. Nikasema nifike nyumbani kwanza. Kufika, chini ya gari kunanuka kama kitu kinaungua na ile sehemu ya masega imekuwa nyekundu kwa giza. Nikaogopa. Mashine ikaleta P0304. Nimebadilishana koili ya 4 na ya 1, bado P0304. Plagi pia, bado. Sasa nifanye nini, mekanika anataka kufungua injini.

MLETA UZI

Pole sana mkubwa. Kwa faida ya wengine, P0301 mpaka P0304 tarakimu ya mwisho ndio silinda, P0300 ni kwamba inamisi hovyohovyo bila kuchagua. Na taa ikiblinki wakati inamisi gari inakuambia petroli mbichi inaunguza masega SASA HIVI, punguza mwendo, toka barabarani, zima. Masega yakiyeyuka yanaziba ekzosi na hapo gari haipumui kabisa, unakuwa na magonjwa mawili.

Kwako koili na plagi zimeshasema sio sisi. Usikubali injini ifunguliwe kabla ya nozeli na kompresheni.

MDAU WA NAIROBI

Nimerudi na jibu. Nilienda Kirinyaga Road kwa jamaa wa nozeli. Tumehamisha nozeli ya 4 kwenda 2, tukafuta makosa, nikaendesha kidogo, ikaja P0302! Imehama. Akaiweka kwenye mashine ya kuosha, hizo zingine zinapuliza ukungu, hiyo moja inatoa matone kama bomba bovu. Imeoshwa mara mbili ikakataa, nimenunua nyingine na seti ya o-ring. Injini haijafunguliwa. Mungu awabariki, nilikuwa nimeshaanza kutafuta mkopo.

DEREVA WA GESI

Wakuu mimi IST kama ya mleta uzi ila nimefunga mfumo wa gesi, nafanya biashara ya abiria hapa Dar. Petroli iko poa kabisa, nikiweka gesi inamisi hasa nikikanyaga ghafla. Waliofunga gesi wanasema ni koili, duka linasema ni vifaa vya gesi vyenyewe. Nimekwama katikati.

FUNDI WA MWANZA

Gesi ni ngumu kuiwasha kuliko petroli, inataka cheche yenye nguvu zaidi. Kwahiyo plagi iliyoanza kuchoka au koili iliyoanza kuchoka, kwenye petroli inajificha, kwenye gesi inaumbuka, na ukikanyaga ghafla ndio inaumbuka zaidi. Anza na plagi. Kwa petroli mwanya wa injini hiyo ni milimita 1.1, kwa gari ya gesi wengi tunashuka mpaka 0.8 hivi ili cheche isihangaike kuruka. Pima kwa fila geji (vibati vya kupimia mwanya) usikadirie kwa jicho. Na kama ni iridiamu usiigongegonge, ncha yake ni nyembamba inakatika, tafuta yenye mwanya sahihi tangu dukani. Baada ya hapo ndio uhamishe koili.

Halafu mwaka mmoja na nusu hivi wa biashara ukipita kapime valvu. 1NZ haina tapeti za kujirekebisha zenyewe, unabadilisha vikombe vya unene tofauti. Gesi ni kavu, viti vya valvu za ekzosi vinakula taratibu, nafasi inaisha, valvu inafika mahali haifungi kabisa ikiwa ya moto. Dalili yake asubuhi gari safi, mchana wa joto kwenye foleni inaanza kutetemeka. Wengi wanabadilisha koili mpaka wanachoka na kumbe hewa inatoroka kwenye valvu.

MDAU WA TANGA

Mimi naongeza kidogo tu. Kama ilianza SIKU ILEILE umejaza mafuta, silinda zote zinakata, fikiria petroli kwanza kabla ya plagi. Tangu EWURA, mamlaka ya nishati na maji, waweke vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010 ule uchanganyaji wa mafuta ya taa ulibanwa, ila maji kwenye tanki la kituo hasa baada ya mvua kubwa bado yanatokea. Chota kidogo kwenye chupa ya kioo uache itulie, maji yanakaa chini unayaona. Na kama ilianza siku umetoka kuoshesha injini kwa mashine ya presha, maji yamekaa visimani. Toa koili, puliza upepo, anika koili, utaokoa hela.

DADA WA DODOMA

Mrejesho. Plagi ya tatu imekutwa na maji, fundi amenionyesha mwenyewe. Gari imelala gereji, hedi imepelekwa kupimwa. Nashukuru kwa kuniambia nisiitembeze, Ijumaa nilikuwa na safari ya Singida.

KIJANA WA GEREJI

Naomba kuuliza, ile inayotetemeka sailensa tu ukipandisha resi inakaa sawa, na hakuna silinda inayolala ukichomoa zote zinajibu?

FUNDI WA MWANZA

Hiyo mara nyingi inavuta hewa ya pembeni. Kwenye sailensa injini inanywa hewa kidogo, kwahiyo tundu dogo kwenye mpira wa hewa au gasketi ya manifodi linaharibu kipimo, ukipandisha resi hewa inakuwa nyingi tundu halina athari. Pulizia kabureta klina kidogokidogo kwenye maungio, injini ikibadilika mlio umepata tundu. Mbali na ekzosi, na mtungi wa zimamoto uwe karibu. Safisha throto na sensa ya hewa pia, ya sensa itumie dawa yake yenyewe na usiiguse kwa kidole.

MLETA UZI

Wakuu mrejesho wa mwisho kutoka kwangu. Leo ni mwezi wa tano tangu niweke gasketi. Jumamosi nilitoa koili ya namba 2 makusudi, nikamulika tochi kisimani. Pakavu. Nikaitoa na plagi, kauri nyeupe haina mstari, ncha ya kahawia. Nikatoa na zile tatu, zote hivyohivyo. Nimekaza plagi injini ikiwa baridi, kwa mkono mpaka zimekaa ndipo nikaongeza kidogo kwa spana, maana hedi ni aluminiamu nyuzi zake zinaliwa haraka. Mafuta yamerudi kukaa wiki nzima. Ile koili iliyovimba nimeiweka kwenye droo, kama kuna kijana anajifunza ufundi yuko Mbezi au Tegeta anataka kuuona ule mpira na ile plagi yenye mstari, aje PM nimpe bure.